Shajara ya mradi: kumpima mtoto kabla ya kumpa jina

Wiki ya 1, Jumatatu

Tumeanza leo. Tupo watatu: mimi wa elimu maalumu, mwenzangu anayefundisha darasa la tatu, na mwalimu wa hisabati aliyekubali kututunzia takwimu. Kazi yenyewe kwenye karatasi ina mstari mmoja: kuwabaini wanafunzi wa darasa la tatu wenye ulemavu wa kujifunza ili waingie kwenye programu maalumu ya shule. Shule ni ya umma, darasa lina mikondo mitatu, watoto 112. Mwalimu mkuu ametuambia wazi: "Walimu wangu, mwisho wa kazi hii nataka orodha ya majina."

Orodha ataipata. Kinachoninyima usingizi ni njia ya kuipata, maana jina likishaingia kwenye orodha ya namna hiyo halitoki kirahisi. Mtoto hulibeba darasa hadi darasa, na mwalimu mpya hulisoma kabla hajamwona mwenyewe.

Asubuhi nzima tumeitumia kukubaliana tunamtafuta nani. Tumeandika hivi: mtoto anayesikia, anayeona, anayeelewa ukimsimulia, aliyefundishwa kama wenzake, na bado kusoma, kuandika au kuhesabu kunamgomea. Mwaka 1896 daktari mmoja wa Uingereza, William Pringle Morgan, aliandika habari za kijana wa miaka 14 aitwaye Percy, mwerevu kwa kila hali ila maandishi. Mwalimu wa kijana huyo alisema angekuwa hodari kuliko wote shuleni kama masomo yote yangetolewa kwa mdomo. Nimeinakili kauli hiyo kwenye jalada la ndani la shajara hii. Jina "ulemavu wa kujifunza" lilikuja baadaye sana. Mmarekani Samuel Kirk ndiye aliyelipa nguvu mwaka 1963, alipozungumza na mkutano wa wazazi mjini Chicago.

Wiki ya 1, Ijumaa

Tuliwaomba walimu wa mikondo yote mitatu watuandikie watoto wanaowatilia shaka. Yamekuja majina 19. Wavulana 16, wasichana 3.

Nimekaa na orodha hiyo mpaka jioni. Wengi wa wavulana hao nawafahamu kwa sauti kabla ya sura: wanaosimama ovyo, wanaogombana, wanaotupa vifutio. Siwalaumu walimu. Mwenye watoto karibu arobaini mbele yake humwona yule anayemvurugia kipindi. Lakini mwaka 1990 Sally Shaywitz na wenzake walichapisha utafiti waliofanya Connecticut, Marekani, wakiwapima watoto wote badala ya kungoja waletwe na shule. Shule zilikuwa zimewabaini wavulana wengi kuliko wasichana; vipimo vya watafiti vikaonyesha idadi ya wavulana na wasichana wenye ugumu wa kusoma haitofautiani sana. Wasichana walikuwepo muda wote, ila wamekaa kimya.

Tumeamua: tunawapima wote 112. Orodha ya walimu tunaihifadhi kwenye bahasha, tutaifungua baadaye tulinganishe. Na kuanzia leo hakuna jina la mtoto kwenye karatasi zetu. Kila mmoja ana namba ya daftari.

Wiki ya 2

Masikio na macho, basi. Mwenzangu alitaka tuanze na kusoma moja kwa moja, akaona hili ni la hospitali. Nikamwomba wiki moja tu.

Muuguzi amekuja na kifaa chake cha kupimia usikivu. Mtoto anavaa vipokea sauti, anainua mkono akisikia mlio: hetsi 1,000, kisha 2,000, kisha 4,000 (namba ikikua, mlio huwa mwembamba zaidi), kwa desibeli 20, yaani sauti ndogo, sikio moja moja. Chumba tulichopewa kiko kando ya uwanja, na kelele za mapumziko zikatuharibia watoto wote wa Jumanne. Ilibidi tuwarudie. Sasa tunapima kengele ya vipindi ikishalia na uwanja ukiwa mtupu.

Watano hawakusikia ipasavyo. Mmoja ni Daftari 7, na yule mvulana nimemfundisha mwenyewe mwaka juzi, nikamwadhibu kwa kutosikiliza. Muuguzi alimchungulia akakuta majimaji nyuma ya ngoma ya sikio. Ugonjwa wa sikio la kati huja na kuondoka. Leo mtoto anasikia, wiki ijayo hasikii, na mwalimu anaona ni kiburi. Sauti zinazompotea kwanza ni zile hafifu, s na f na t, na mtoto asiyezisikia barabara utamfundishaje kuziandika? Nimeliandika hili hapa ili nisilisahau.

Kwa macho tulikuwa na chati ya Snellen, ile ya herufi, ya tangu mwaka 1862, inayosomwa kwa umbali wa mita 6. Muuguzi alitukumbusha kwamba chati hiyo inapima kuona mbali. Mtoto anayeona mbali vizuri anaweza kupita kwa heshima zote, kisha akafungua kitabu na maandishi yakamcheza. Tukaongeza kadi ya kusomea karibu, kwa umbali wa sentimita 40. Watoto saba wamepewa rufaa kwa daktari wa macho, wanne kati yao kwa sababu ya kadi hiyo ya karibu peke yake. Wiki haikupotea.

Wiki ya 3

Wiki ya kutengeneza vipimo, na ndiyo iliyotuchosha kuliko zote.

Vipimo vya kununua vipo, vingi na vizuri, ila vimetungwa kwa Kiingereza na kupimiwa watoto wanaosoma Kiingereza. Kuvitafsiri hakutoshi. Kiingereza kina maandishi yasiyofuata sauti, kwa hiyo vipimo vyake vinawinda makosa ya kutamka. Kiswahili kinaandikwa kinavyosemwa. Mtoto akishazijua herufi anaweza kulitamka neno lolote, hata kama linamchukua nusu dakika. Heinz Wimmer alilionyesha hili kwa Kijerumani mwaka 1993, nacho kina maandishi yanayofuata sauti kwa kiasi kikubwa: watoto wenye disleksia, yaani ulemavu wa kusoma, walitamka kwa usahihi mwingi, ila polepole mno. Kwa hiyo kipimo chetu lazima kishike mwendo. Anayehesabu makosa tu kwa Kiswahili atawaacha watoto wengi, halafu aseme hakuna tatizo.

Tukaandaa kadi za herufi, silabi, maneno, hadithi fupi, na maneno bandia. Neno bandia ndilo linaloonyesha kama mtoto anasoma au anakumbuka, kwa sababu hajawahi kuliona. Tulidhani kuyatunga ni kazi ya nusu saa: unachukua silabi, unazipanga unavyotaka. Niliandika "asuke". Mwenzangu akalitazama, akasema, "Mwalimu, hilo neno lipo. Asuke nywele." Nikaandika "nikoge". Nalo lipo, mtu anakwenda kuoga. Kitenzi cha Kiswahili kinabeba mtendaji na hali yake ndani ya neno moja, kwa hiyo silabi tatu ulizookota popote zinaweza kuwa sentensi kamili. Tulifuta zaidi ya tulivyobakiza. Yaliyopona ni kama "fobida", "gedopu" na "lemuti". Tulipoyajaribu kwa watoto wachache wa darasa la nne, msichana mmoja aliziba mdomo akakataa kusoma neno la tisa. Kwa lugha ya nyumbani kwao ni tusi. Tumeliondoa, na tumekubaliana kila toleo lipitiwe na wasemaji wa lugha zote zinazosikika uwanjani.

Jambo jingine ni kuhesabu. Kawaida ya vipimo hivi ni maneno sahihi kwa dakika moja. Sasa chukua "hawakutuandikia". Ni neno moja, silabi nane. Mtoto aliyelisoma amefanya kazi ya maneno kadhaa ya Kiingereza na analipwa pointi moja. Tunahesabu silabi sahihi kwa dakika. Mwalimu wa hisabati alifurahi, kwani namba zinatawanyika vizuri zaidi na tofauti ndogo zinaonekana.

Tumeweka pia kadi ya kutaja haraka, iliyotokana na kazi za Martha Denckla na Rita Rudel za miaka ya 1970: picha tano zinazorudiwa mara kumi, jumla 50, mtoto anazitaja mfululizo upesi awezavyo. Hakuna kusoma humo. Lakini anayesuasua kutaja vitu anavyovijua mara nyingi ndiye huyo anayesuasua kusoma. Hesabu tumeiacha muhula ujao, hatuna kadi za kuridhisha.

Wiki ya 4

Tumewapima wote 112. Mmoja mmoja, dakika kumi na tano hivi kila mtoto, siku tano, na koo zimetukauka.

Mtoto aliyeko katikati ya darasa husoma silabi 90 hivi kwa dakika. Walioanguka chini ya mstari wetu ni 33. Tulipoifungua bahasha ya walimu, kati ya majina 19 ni 12 tu waliokuwa ndani ya 33. Saba waliobaki wanasoma vizuri. Shida yao ni nyingine, au hawana shida. Na katika hao 33, wasichana ni 14.

Daftari 22 ni mmoja wao. Hakuna mwalimu aliyemtaja. Daftari zake ni safi, anakaa mstari wa pili, hajawahi kuitwa ofisini. Nilimpa kitabu cha kiada akasoma ukurasa wote bila kusita, kwa sauti nzuri, huku akiangalia dirishani. Nikaifunika picha kwa kiganja. Akanyamaza. Nikampa hadithi asiyoijua: silabi 18 kwa dakika. Maneno bandia: mawili. Amemeza kitabu kizima kwa masikio, ukurasa kwa ukurasa, kwa miaka miwili, ili asigundulike. Nilimaliza kipindi kile nikatoka nje nikasimama kidogo kabla ya kumwita mtoto anayefuata.

Mwalimu mkuu alisikia 33 akauliza kama hiyo ndiyo orodha. Tukamchorea hesabu ubaoni. Tuseme watoto 100, na kumi kati yao wana tatizo kweli. Tuseme kipimo ni kizuri, kinawanasa 8 kati ya 10 na kinawapitisha salama 80 kati ya kila 100 wasio na tatizo. Basi kitawanasa pia 18 kati ya wale 90 wazima. Walionaswa ni 26, wenye tatizo kweli 8. Chini ya theluthi. Huu ni uchujaji, na chujio kazi yake ni kusema nani atazamwe tena. Akalielewa upesi, akasema, "Endeleeni, walimu." Nilimshukuru sana moyoni.

Kwa walimu wa mikondo nimeandika tangazo fupi, kwani watatu wameniletea watoto wanaogeuza b na d wakidhani ndiyo dalili yenyewe. Kugeuza herufi ni jambo la kawaida kwa anayeanza kusoma, na wengi huliacha wenyewe. Nileteeni anayesoma polepole mno, anayebuni neno kwa kuangalia picha, anayesahau leo herufi aliyoijua jana.

Wiki ya 5

Daftari 14 anaandika "karamu" kila mahali panapotakiwa "kalamu". Imla yake ina makosa 11, na tisa kati yake ni l na r. Kwenye karatasi anaonekana ana shida ya kutofautisha sauti. Nikamsikiliza akiongea uwanjani: anaongea hivyo hivyo, na nduguze wanaongea hivyo hivyo. Lugha yake ya kwanza haitenganishi sauti hizo mbili. Ameandika kwa uaminifu kabisa anachosikia na kusema.

Tumepitia upya imla zote kwa jicho hilo. Kosa linaloelezeka kwa lugha ya nyumbani tunalitia duara la bluu na halihesabiwi. Anayeandika "bwa" kwa "mbwa" na "gobe" kwa "ng'ombe", huyo tunamtazama zaidi, hasa kama anayatamka sawasawa.

Mtoto akipimwa kwa lugha ambayo bado anajifunza, kinachopimwa ni lugha hiyo. Jimbo la California lilifikishwa mahakamani kwa jambo hili. Katika kesi iliyoitwa Diana, watoto wenye asili ya Meksiko walikuwa wamepimwa akili kwa Kiingereza na kupelekwa madarasa ya wenye ulemavu wa akili. Walipopimwa tena kwa Kihispania, wengi wao hawakustahili kuwa huko. Makubaliano ya mwaka 1970 yakataka mtoto apimwe kwa lugha yake ya kwanza. Miaka tisa baadaye, katika kesi ya Larry P., Jaji Robert Peckham alipiga marufuku kutumia vipimo vya akili kuwaweka watoto weusi katika madarasa hayo. Watu wazima, wenye shahada, wenye nia njema wengine, waliwatoa watoto wazima darasani kwa kutumia karatasi ya alama. Tukiwa na haraka, nasi tutafanya vivyo hivyo.

Kwa watoto watano tumetafuta mtu anayesema lugha yao awaombe wasimulie hadithi. Wanne walisimulia kwa ufasaha, na matukio yakifuatana. Wa tano alihangaika kwa lugha zote mbili. Hiyo nayo ni taarifa: ulemavu wa lugha hauchagui lugha moja.

Wiki ya 6

Wiki ya wazazi. Hatumfundishi mtoto pembeni wala kumpima zaidi bila ridhaa iliyoandikwa, na ridhaa haiandikwi kabla mzazi hajauliza maswali yake yote. Tumewaita mmoja mmoja. Kuwaita kwa kundi kungewafanya watazamane.

Mama wa Daftari 22 alikaa kwenye ukingo wa kiti. Nilianza maelezo yangu marefu, akanikatiza kwa upole.

"Mwalimu, niambie tu. Mwanangu hana akili?"

"Mama, mwanao ameshika kitabu kizima kichwani. Akili anayo. Kusoma ndiko kumemkatalia, na bado hatujajua sababu. Tunakuomba wiki nane tumfundishe kwa namna nyingine, ndipo tuseme."

Alinyamaza. Kisha akasema baba wa mtoto mpaka leo hasomi ujumbe kwenye simu yake; humpa yeye amsomee, naye huwaambia watu macho yanamsumbua. Nilimuuliza kama naweza kuliandika hilo, akakubali. Matatizo haya hurithiwa mara nyingi, na swali "nani mwingine katika ukoo alihangaika kusoma" lina uzito sawa na kadi zetu zozote. Halikuwamo kwenye fomu yetu. Sasa limo, la kwanza.

Wazazi wawili wamekataa. Tumewaheshimu, na tumewaambia mlango uko wazi. Wamebaki watoto 31.

Wiki ya 7 hadi ya 10

Kufundisha. Vikundi sita, watoto watano au sita, nusu saa, siku nne kwa wiki. Sauti na herufi yake, kuunganisha, kutenganisha, kusoma kwa sauti, kuandika kilichosomwa. Hakuna cha ajabu. Ijumaa kila mtoto anasoma dakika moja hadithi mpya na tunaweka nukta kwenye grafu yake.

Mwenzangu aliuliza kwa nini tuwafundishe wote kabla ya kujua wana nini. Kwa sababu sheria ya Marekani ya elimu ya watoto wenye ulemavu ina kifungu ninachokipenda: mtoto asihesabiwe ana ulemavu kama sababu kubwa ya kushindwa kwake ni kutofundishwa kusoma au hesabu ipasavyo, au kutoijua vizuri lugha ya shule. Utalijuaje hilo bila kumfundisha kwanza? Na masomo haya hayamdhuru asiye na tatizo.

Wiki ya 11

Grafu zimeanza kusema. Daftari 14 amepanda kutoka silabi 40 hadi 63 kwa dakika na nukta zake zinafuatana kama ngazi. Daftari 7, aliyetibiwa sikio, amepanda kutoka 21 hadi 44, na mwalimu wake wa darasa amenisimamisha koridoni kuniambia anajibu maswali siku hizi. Daftari 22 alikuwa 18, sasa yuko 23.

Daftari 31 hana grafu. Ana nukta tatu. Nilichukua kitabu cha mahudhurio cha mwaka jana na cha mwaka huu nikahesabu siku: nusu ya miaka hiyo hakuwepo shuleni. Siwezi kumwita mlemavu wa kujifunza mtoto ambaye hajafundishwa, na siwezi kusema si mlemavu. Kwake huyu kazi ya kwanza ni kujua kwa nini haji.

Wiki ya 14

Mwisho wa wiki nane. Watoto 18 wamekaribia wenzao kiasi kwamba tunawarudisha kwa mwalimu wa darasa, tukiwa na ratiba ya kuwapima kila mwezi. Daftari 7 na Daftari 14 wamo. Kumi na wawili hawakusogea vya kutosha. Daftari 31 anabaki peke yake.

Naandika wazi kwamba wale 18 wangekuwa kwenye orodha ya mwalimu mkuu kama tungeitoa mwezi wa kwanza.

Wiki ya 15

Mwanasaikolojia wa elimu amekuja kwa watoto 12, siku tatu, na sisi pembeni yake. Tumejadiliana kwa kirefu juu ya kipimo cha akili. Kwa miaka mingi utaratibu ulikuwa kupima akili, kupima usomaji, na kudai pengo kubwa kati ya viwili hivyo; kanuni za Marekani za mwaka 1977 zilijengwa hivyo. Ubaya wake ni kwamba mtoto wa darasa la kwanza hajawa na pengo la kutosha, kwa hiyo anasubirishwa mpaka aanguke vya kutosha ndipo asaidiwe, akiwa amekwisha kujichukia. Sheria ya mwaka 2004 ikakataza majimbo kulazimisha pengo hilo, ikaruhusu kuangalia jinsi mtoto anavyoitikia ufundishaji. Na Alfred Binet, aliyetunga kipimo cha mwanzo pamoja na Théodore Simon mwaka 1905 ili kuwatambua watoto wa shule wanaohitaji msaada, alipinga kwa maneno makali wazo kwamba akili ya mtoto ni kiasi kisichoongezeka. Kipimo kilitungwa kwa ajili ya msaada. Kilichotokea baadaye hakikuwa kosa la karatasi.

Mwanasaikolojia alituonyesha jambo ambalo mwalimu wa hisabati amelinakili ukutani. Alama sanifu zina wastani wa 100 na mkengeuko sanifu wa 15, yaani karibu theluthi mbili ya watoto huwa kati ya 85 na 115. Programu nyingi huweka mpaka kwenye 85. Lakini kipimo chenye uthabiti (jinsi alama zinavyofanana mtoto akipimwa tena) wa 0.90, ambao ni mzuri, kina kosa la upimaji la karibu pointi 5. Mtoto aliyepata 84, alama yake ya kweli inaweza kuwa popote kati ya 75 na 93. Aliyepata 86 vivyo hivyo. Mmoja anaingia, mwingine anaachwa nje, na tofauti yao ni usingizi wa jana usiku. Kwa hiyo hakuna uamuzi wa namba moja. Tunaweka mezani grafu ya wiki nane, imla, simulizi la mzazi, masikio, macho, maelezo ya mwalimu wa darasa, na alama.

Tena wastani huo wa 100 umetokana na watoto wa kwingine. Sisi tumetumia namba hizo kuona wapi mtoto ana nguvu na wapi hana, tukaacha kumpanga kwa watoto asiofanana nao.

Wiki ya 16

Kikao cha uamuzi, watoto 12, saa tano. Wanane tumependekeza waingie programu. Wawili shida yao kubwa ni kuelewa lugha wanayosikia, wanapelekwa kwa mtaalamu wa lugha na matamshi. Wawili hatujakubaliana, na tumeandika hivyo hivyo kwenye ripoti: wafundishwe wiki nane zaidi, wapimwe tena. Mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili, toleo la mwaka 2013, unataka ugumu uwe umedumu miezi sita licha ya msaada. Sisi tuna miezi miwili tu mkononi, na kwa wale wanane tumeegemea pia historia ya miaka miwili iliyopita.

Fomu ya ripoti tumeigeuza. Ya zamani ilianza na jina la tatizo. Mpya inaanza na swali: "Kuanzia Jumatatu afundishwe nini, na nani, saa ngapi?" Mstari wa pili: "Darasani apewe nini?" Kwa Daftari 22 tumejaza muda wa ziada, kusomewa maswali ya sayansi na maarifa ya jamii, na asiitwe kusoma kwa sauti mbele ya darasa mpaka aombe mwenyewe. Jina la tatizo liko ukurasa wa pili, pamoja na tarehe ya kulipitia upya.

Wiki ya 17

Nimempelekea mwalimu mkuu majina nane, kila jina na kurasa zake. Alisoma ya kwanza mpaka mwisho akiwa amesimama. Kisha akauliza habari za Daftari 31. Kesho tunakwenda nyumbani kwao, yeye na mimi.

Yaliyobaki: toleo la pili la maneno bandia; watoto watano wa masikio wapimwe tena kabla muhula haujafungwa; kadi za hesabu; wale wawili waliosubirishwa, kikundi chao kianze. Chumba cha programu kina meza tisa na dirisha moja, nimeomba taa.

Kikundi cha Daftari 22 ni saa mbili na nusu. Tunaanza na m na n, ambazo bado anazichanganya.